Kusoma Biblia kwa mfuatano wa matukio: maana yake nini?

Wengi wanaoazimia kuimaliza Biblia kwa mwaka mmoja huanza na Mwanzo, hunogewa na Kutoka, kisha hukwama kwenye Mambo ya Walawi. Hapo ndipo husikia habari za ratiba ya mfuatano wa matukio, yaani kusoma kadiri mambo yalivyotokea badala ya kufuata vitabu vilivyopangwa.

Biblia tulizozoea zimepangwa kwa aina: torati, historia, mashairi, manabii, halafu injili, Matendo, nyaraka, Ufunuo. Wala mpangilio huo si pekee, maana Biblia ya Kiebrania kwa kawaida humalizia na Mambo ya Nyakati, si Malaki. Nyaraka za Paulo zimefuata urefu zaidi kuliko tarehe, za makanisa kwanza, za watu binafsi baadaye. Ndiyo sababu Warumi unatangulia, ilhali 1 Wathesalonike, wa mwaka 50 B.K. hivi, uliandikwa kabla yake.

Faida ya mfuatano utaiona hasa kwa manabii. Hagai ana sura mbili tu, anawakemea watu wanaokaa katika nyumba nzuri huku nyumba ya Mungu ni gofu. Anza na Ezra 4 uone ujenzi wa hekalu ulivyosimamishwa hadi mwaka wa pili wa Dario, mfalme wa Uajemi, 520 K.K.; sura inayofuata inamtaja Hagai kwa jina, na kemeo lake linaeleweka. Yeremia ndiye kiboko: sura ya 21 ni ya siku za mfalme Sedekia, ya 25 inarudi nyuma kwa Yehoyakimu, aliyetawala kabla yake. Bila 2 Wafalme 23 hadi 25 pembeni utapotea, na si kosa lako.

Hata hivyo ratiba hizi hazifanani, kwa kuwa vitabu kama Ayubu na Yoeli havitaji tarehe. Tena zinachanganya masimulizi ambayo yangefaa kuachwa kila moja kivyake. 2 Samweli 11 na 1 Mambo ya Nyakati 20 zinaanza karibu sawa: majira ya wafalme kwenda vitani, Yoabu, jemadari wa Daudi, ameuzingira mji wa Raba, Daudi amebaki Yerusalemu. Kitabu cha Samweli kinaingia kwenye habari ya Bathsheba, mke wa mtu ambaye Daudi alizini naye. Mambo ya Nyakati hakigusi kabisa habari hiyo, kinaruka hadi Raba inapopigwa. Ukizisoma zimechanganywa, ukimya huo huuoni.

Kwa anayesoma mara ya kwanza, mimi nisingempa ratiba hiyo. Aanze na Luka, aruke Yohana kwa muda, aingie Matendo, ambayo ni kazi ya mwandishi yuleyule. Akifika sura ya 18, Timotheo na Sila wanapomkuta Paulo Korintho, asimame kidogo asome 1 Wathesalonike. Katika sura ya 3 atamkuta Timotheo huyohuyo, ndiyo kwanza amefika na habari za Wathesalonike.