Je, wajua kwa nini nahodha mzoefu husahau hatua ndogo mara nyingi kuliko mwanafunzi wake?

Alfajiri pale mwaloni Kirumba, Mwanza, kijana anayejifunza kuendesha boti hutaja kila hatua kwa sauti: tenki, mpira wa mafuta, kamba ya kuzimia injini, gia. Mzee wa miaka ishirini ziwani haitazami hata mikono yake. Lakini mara nyingi ni yeye injini humzimikia katikati ya ghuba, kwa sababu hakulegeza skrubu ndogo ya hewa juu ya mfuniko wa tenki. Petroli inanyonywa, hewa haiingii kujaza nafasi, na baada ya muda injini inakohoa, inakata.

Kwa nini yeye?

Kazi uliyoirudia mara elfu huhama kwenye fikra ikakaa kwenye mazoea. Ndiyo maana mzee anaweza kusoma mawingu huku mikono ikiunga mpira. Sasa abiria aulize nauli, simu iite, tajiri mwenye boti apige kelele watu wawahi. Mzee akirudi kwenye injini, akili huendelea kutoka pale inapodhani aliachia, na hapo hatua moja hurukwa. Kijana hapatwi sana na hili, maana bado anafikiria kila kitu; makosa yake yeye ni ya kutojua.

James Reason, mwanasaikolojia Mwingereza, alitenganisha kuteleza kwa aina hii na kuvunja taratibu kwa kujua. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, Septemba 20, 2018 kilikuwa na uwezo wa watu 101. Waliokufa ni zaidi ya 220. Kupakia vile hakuwezi kuitwa kusahau, na dawa yake ni nyingine.

Aliyeteleza, kumwambia "kuwa makini" hakumsaidii, kwani umakini wenyewe ndio uliokatizwa. Nimeona boti moja ambayo kamba ya kuzimia hufungwa kwenye mfuniko wa tenki, juu ya ile skrubu. Bila kamba injini haiwaki, hivyo mkono lazima upite pale. Kamba tu!

Kinachoniuma ni ukimya. Tajiri akisikia injini ilizima, anakata posho. Basi aliyepiga kasia hadi nchi kavu hasemi, na kesho mwenzake anatoka na tenki lililofungwa vilevile. Ninyi wenye boti, nahodha akirudi amelowa jasho la kasia, muulizeni kwanza: nani alikuita ulipokuwa unafunga mpira?