Faru akikukimbia hajafa

Kwenye vibanda vya gemu Majengo, hapa Dodoma, imani hii ni ya siku nyingi: katika Donkey Kong Country, gemu ya sokwe Donkey na mwenzake Diddy, ukigongwa ukiwa umempanda yule faru, Rambi, basi faru kafa na roho moja, yaani nafasi moja ya kucheza, imekwenda. Hata mimi niliamini hivyo, tena niliwafundisha wadogo zangu.

Katika gemu ya kwanza, ya 1994, mnyama ndiye anayebeba kipigo. Adui akikugusa, sokwe anadondoka mzima, na faru anakurupuka kama mbuzi aliyekatika kamba. Mfukuze, mrukie, endeleeni na safari. Mbuni Expresso naye ndivyo alivyo. Nadhani tulipotoshwa na mbio za mnyama: akishapotea kwenye kioo, nani atasema yu hai? Shimo ni habari nyingine. Ukitumbukia naye, roho imekwenda kweli.

Jaribu mwenyewe. Hatua ya kwanza kabisa ina kreti yenye Rambi. Mpande, jigongeshe kwa adui mmoja makusudi, halafu watazame Donkey na Diddy: wote wawili bado wapo. Rudia bila faru, uone kama hatabaki mmoja.