Je, kila kampuni inadaiwa na jamii asilimia 2 ya faida?

Ujumbe huu hauishi kwenye magrupu: eti sheria kote duniani inaitaka kila kampuni iwagawie wananchi asilimia 2 ya faida, na asiyepata kadhulumiwa. Si kweli.

Asilimia hiyo ina asili yake. Sheria ya Makampuni ya India ya 2013 inazitaka kampuni kubwa, kwa mfano zenye faida halisi ya rupia milioni 50 au zaidi kwa mwaka, zitumie angalau asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka 3 iliyotangulia kwenye miradi ya elimu, afya au mazingira. Hakuna anayegawiwa fedha mkononi. Katika nchi nyingi, misaada hiyo ni hiari.

Watu huchanganya misaada na kodi. Kodi ni lazima, na madawati yenye nembo ya kampuni hayaifuti. Hapo ndipo tungekazia macho zaidi.

Ukitaka kuhakiki, soma sheria ya makampuni ya nchi yako, kisha fungua ripoti ya mwaka ya kampuni: kodi ina mstari wake, na misaada, ikitajwa, ina wake. Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.