Kuacha Kuhudumia Kompaila za Zamani: Vigezo na Utaratibu

Tangu kitengo chetu kitangaze kwamba matoleo yajayo ya programu zetu hayatajengwa tena kwa GCC 4.8, toleo la zamani la kompaila (programu inayogeuza msimbo ulioandikwa na mtu kuwa amri za kompyuta), tumepokea malalamiko mengi, na karibu yote yanatokana na dhana kwamba kompaila huachwa kwa sababu imezeeka. Sivyo. Tunapima mambo mawili: iwapo ipo mifumo inayotegemea kompaila hiyo na ambayo bado inapata marekebisho ya usalama, na madhara ya kuendelea kuibeba.

GCC 4.8.5 ndiyo iliyokuja na CentOS 7, mfumo endeshi wa Linux uliofikia ukomo wa kuhudumiwa tarehe 30 Juni 2024. Aliyebaki nao ana mfumo mzima usiorekebishwa, na kumtunzia kompaila hakumkingi na lolote.

Madhara ndiyo yasiyoeleweka, kwa kuwa wengi huamini kwamba kompaila iliyozoeleka ni kompaila salama. Mwanzoni mwa 2021, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux iliacha matoleo ya GCC yaliyo chini ya 5.1 kwa vichakataji vya ARM vya biti 64, baada ya kubainika kwamba kompaila hizo ziliweza kurudisha kielekezi cha steki (alama ya mpaka wa eneo la kumbukumbu linalohifadhi data ya muda) mahali pake kabla data iliyokuwa chini yake haijasomwa. Ukatizaji (kichakataji kusimamishwa kwa muda ili kishughulikie jambo jingine) ukiangukia kwenye pengo hilo la amri chache, data hiyo hufutwa na nyingine. Alichokiona mtumiaji ni mfumo wa mafaili wa ext4 ukilalamika, mara mojamoja tu, kwamba namba za uhakiki, zinazothibitisha kuwa data haijabadilika, hazilingani. Msimbo ulikuwa sahihi. Kompaila ndiyo iliyokosea, na uangalifu wa mwandishi wa programu usingesaidia kitu. Mwaka 2025 kerneli hiyohiyo ilipandisha kiwango cha chini hadi GCC 8.1, toleo la 2018, kwa hiyo anayesema kwamba watumiaji wanakimbizwa hajapiga hesabu ya miaka 7.

Tumeeleza mara nyingi, na tunarudia, kwamba si lazima kufuta mfumo ili kupata kompaila mpya: hata kwenye CentOS 7, devtoolset-11, furushi lenye GCC 11, hukaa sambamba na ile ya zamani bila kuigusa.

Notisi yetu hutolewa miezi 6 kabla, ikitaja toleo la mwisho litakalojengwa kwa kompaila husika. Anayehitaji muda zaidi awasilishe ombi ndani ya kipindi hicho, akieleza mfumo anaoutumia, kinachomzuia kuhama na tarehe anayotarajia kuhama. Ombi lenye upungufu hurudishwa mara moja, na lisiporekebishwa ndani ya siku 14 hufungwa na halifunguliwi tena. Maneno “natumia ya zamani kidogo” hayatusaidii kuamua: endesha gcc --version, kisha unakili mstari wa kwanza wote kama ulivyo.