Sindano ya kisukari inapogusa hamu

Mama mmoja anayeuza viazi Mwanjelwa alikuja kliniki yetu ya kisukari akiwa na furaha na hofu kwa pamoja. Anachoma semaglutidi, dawa ya kisukari, mara moja kwa wiki. "Dokta, zamani nikisikia harufu ya chipsi lazima nisimame. Siku hizi napita tu. Lakini hata kwaya sina hamu nayo tena. Ni hii sindano?"

Swali lake linawahusu wengi.

Tunapokula, utumbo hutoa homoni iitwayo GLP-1. Homoni hii huihimiza kongosho kutoa insulini, huchelewesha chakula kutoka tumboni, na hupeleka habari za shibe kwenye ubongo kupitia neva ya vagasi, inayounganisha tumbo na ubongo. Huvunjika ndani ya dakika chache. Semaglutidi huiga kazi hiyohiyo, ila nusu ya dozi bado imo mwilini baada ya takriban wiki nzima.

Ubongo nao una vipokezi vya homoni hii, yaani sehemu za seli inakonasa ili ifanye kazi, hata kwenye maeneo yanayohusika na njaa na uchu. Mwaka 2014 watafiti wa Amsterdam waliwapima watu kwa MRI, mashine ya kupiga picha za ubongo, huku wakiwaonyesha picha za vyakula. Wanene waliopewa eksenatidi, dawa ya jamii hii, ubongo wao haukusisimka kama walipopewa dawa bandia. Vipokezi vilipozibwa, nguvu hiyo ya dawa ilififia. Kumbe yule mama kupita chipsi si ujasiri mtupu.

Na kwaya je? Kupoteza hamu hivyo kunaweza kuwa dalili ya sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya zilichunguza mwaka 2024 taarifa za mawazo ya kujiua kwa watumiaji wa dawa hizi, zikakosa ushahidi kwamba dawa ndiyo chanzo. Nafarijika, lakini simrudishi mtu nyumbani kwa jibu hilo. Kisukari chenyewe huandamana na sonona mara nyingi. Tulipomdadisi, mama alikuwa anakula mlo mmoja kwa siku kwa sababu ya kichefuchefu, na usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Tulipunguza dozi, tukapanga milo midogo midogo, akaonana na mshauri wa afya ya akili.

Sindano hizi si tiba ya sonona, kwa hiyo anayemeza vidonge vya sonona asiviache. Wala usinunue sindano kwa mtu wa WhatsApp. Zikipita wiki mbili hufurahii ulichokipenda, njoo kliniki hata kama tarehe yako bado. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, mwambie mtu wa nyumbani akulete siku hiyohiyo.