Mama mjamzito na Thomson: zebaki mnaitafuta mahali isipokuwepo

Wiki iliyopita, siku ya kliniki ya wajawazito, mama mwenye mimba ya miezi sita alikaa mbele yangu. Nilipovuta kope lake la chini, ndani palikuwa pamepauka kama karatasi. Nikamuuliza bukari, yaani ugali, anaila na nini. "Matembele tu. Nilishaacha Thomson, munganga. Banasema samaki ya bahari iko na merkire, itaharibia mutoto kichwa." Thomson ni yule samaki wa bahari anayekuja amegandishwa, na merkire ni zebaki. Alipofungua mkoba kutafuta fishi yake ya kliniki, nikaona pemba, ule udongo wa kutafuna, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, kipande kimoja kimeshatafunwa pembeni.

Huyo alikuwa wa tano mwezi huu. Naandika kwa sababu haya siwezi kuyaeleza mezani kwa haraka huku wengine kumi wananingoja kwenye benchi.

Wanasema: samaki wa bahari ana zebaki, mjamzito amwache kabisa

Zebaki ipo baharini, hilo silikatai. Inatoka kwenye volkano, kwenye makaa ya mawe yanayochomwa, na zaidi kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaoikamatisha dhahabu kwa zebaki kisha kuichoma. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2018 iliwahesabia hao karibu 38% ya zebaki yote ambayo binadamu anairusha hewani. Ikishuka majini, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili, na hiyo ndiyo inayoudhuru ubongo wa mtoto tumboni. Mwani unaibeba, kijidudu anakula mwani, samaki mdogo anakula vijidudu maelfu, mkubwa anakula wadogo mamia. Kila mlaji anarithi ya wote aliowala. Kwa hiyo swali la kuuliza si bahari au ziwa. Uliza samaki huyo anakula nini, na ameishi miaka mingapi kabla ya kuvuliwa.

Katika vipimo vya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, papa na nduwaro wana wastani unaokaribia miligramu 1 ya zebaki kwa kilo. Dagaa aina ya sadini wana 0.013. Tilapia, 0.013 vilevile. Papa mmoja anazidi sadini zaidi ya mara 70, na wote wawili ni samaki wa bahari.

Sasa Thomson wetu. Ni samaki wa makundi, sehemu kubwa anavuliwa pwani ya Namibia, anapita Zambia akiwa kwenye katoni za barafu na kuingia kwetu Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa. Chakula chake ni vijikamba na viumbe vidogo vinavyoelea majini. Hawindi samaki wakubwa, wala haishi umri wa papa. Na nani kwenye mitaa yetu ya Katuba au Kenya, hapa Lubumbashi, anarudi sokoni na papa kwenye kikapu? Sijamwona bado.

Kinachoniumiza ni kwamba haohao Wamarekani wanaowakataza wajawazito papa wanawaambia pia wale samaki wenye zebaki kidogo, gramu 225 hadi 340 kila wiki. Katazo limefika Lubumbashi, ruhusa imebaki njiani.

Na mama akimwacha Thomson, haweki nyama ya ng'ombe mahali pake. Anaweka chumvi zaidi kwenye matembele. Anakosa protini, anakosa yale mafuta ya samaki yanayojenga ubongo wa mtoto, uleule ubongo anaodhani anaulinda. Tena kipande kidogo cha samaki ndani ya mboga kinausaidia mwili kuyanyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye majani. Matembele peke yake yanatoa machache sana. Damu inapungua, halafu damu ikipungua hamu ya pemba inakuja. Pemba nayo inakamata chuma tumboni kabla mwili haujakipata, na udongo unaweza kubeba madini ya risasi, ambayo ni sumu. Risasi inavuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Mama yule alikuwa ameikimbia sumu isiyomhusu, huku inayomhusu ameibeba mkobani.

Hofu yenyewe naijua inakotoka. Ni picha za Minamata, kule Japani, zinazozunguka kwenye simu: watoto wenye viungo vilivyopinda. Ni kweli ilitokea. Ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956, na kiwanda kiliendelea kumwaga zebaki ghubani hadi 1968. Lakini lilikuwa ghuba moja lenye mfereji wa kiwanda, na familia za wavuvi walikula samaki wa pale kila siku. Mtu wa Lubumbashi akiziona picha zile, asimfikirie Thomson. Afikirie maji yaliyo chini ya viwanda vyetu wenyewe.

Wanasema: samaki wa maji yetu ni safi kuliko wa frigo

Maji yapi? Ziwa Tshangalele lilitokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, mwaka 1930, na linapokea maji kutoka upande wa Likasi, yaani kutoka kwenye migodi na viwanda vya shaba na kobalti. Samaki wake walipopimwa walikutwa na kobalti nyingi. Utafiti uliochapishwa 2009 ulikuta kobalti nyingi kupita kiasi kwenye mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kusini mwa Katanga, watoto wakiwazidi wakubwa, maana mtoto anacheza kwenye vumbi kisha anaweka vidole mdomoni.

Hapa kanuni ya samaki mdogo haisaidii. Kobalti haipandi ngazi kama zebaki. Mdogo anaweza kubeba nyingi kuliko mkubwa. Metali hizi hukaa zaidi kwenye maini, figo na matamvua, kwa hiyo toa matumbo yote na matamvua, na usiwape watoto supu ya matumbo hayo. Samaki wa Kasenga, wa mto Luapula na ziwa Mweru, ni habari nyingine kabisa. Muulize muuzaji ametoa wapi. Akijibu "ziwani" tu, uliza tena.

Wengine wanadhani ukimwosha samaki kwa ndimu na chumvi zebaki inatoka. Haitoki. Imeshikana na protini za nyama yenyewe, haiko juu ya ngozi. Ukikaanga, maji yanatoka, kipande kinanywea, zebaki inabaki palepale. Sumu zinazopenda mafuta, kama zile kemikali za viwandani ziitwazo PCB, ndizo zinazopungua ukiondoa ngozi na mafuta ya tumboni na kuacha mengine yadondoke motoni. Kunywa maziwa au mawese pia hakuitoi mwilini. Mwili unaitoa wenyewe polepole, na nusu yake inaondoka kwenye damu kwa siku 50 hivi.

Wengine wanasema samaki wabaya wameanza kuja tangu tuingie Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kongo iliingia huko 2022. Namibia na Zambia si wanachama wake. Na hao tuko nao SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, tangu 1997, na Thomson tumemla miaka mingi kabla ya 2022.

Wanasema: wanamtia dawa ya maiti, ndiyo maana mdomo unawasha

Samaki aliyegandishwa vizuri, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, hahitaji formalini, hiyo dawa ya maiti. Lakini kule kuwashwa ni kweli. Nimewaona watu: uso mwekundu, mdomo unawaka, kichwa kinagonga, moyo unakimbia, nusu saa baada ya kula. Hiyo ni histamini, kemikali inayowasha mwili kama mzio. Thomson akikaa kwenye joto, bakteria wanaitengeneza ndani ya nyama yake, na ikishatengenezwa, hakuna moto wala barafu inayoiondoa. Umeme unakatika usiku, katoni inayeyuka, asubuhi umeme unarudi, anaganda tena, anauzwa kama mpya. Harufu inaweza isibadilike. Mara nyingi hali hiyo inapita ndani ya siku moja, lakini anayebanwa na pumzi aende hospitali mara moja.

Wagonjwa wangu wote nawaambia waende sokoni mapema, katoni inapofunguliwa. Kwanza tazama barafu chini ya katoni: ikiwa ni tabaka moja la barafu nyekundu, gumu kama kioo, alishayeyuka akagandishwa tena, mwache. Chukua aliyekakamaa kama kuni, asiye kwenye basani la juani. Mpeleke nyumbani ndani ya ndoo yenye mfuniko, ayeyukie kivulini kwa muda wa kuwasha mbabula ya makaa na kukata vitunguu tu, kisha apikwe wote siku hiyohiyo. Kama mko wawili, nunua wawili.