Kujituliza kwa kuanzia mwilini: maswali na majibu

Nikiambiwa "tulia" ndiyo kwanza nazidi kuchemka. Kwa nini siwezi kujiamuru nitulie?

Ukishtuka, adrenalini, homoni ya kuutayarisha mwili kwa hatari, humwagika kwenye damu, moyo huenda mbio, misuli hukaza na pumzi hupanda juu kifuani, yote kabla hujapata hata neno la kusema. Moyo hauwezi kuuamuru upunguze mwendo ukakutii. Lakini pumzi na misuli viko chini ya uwezo wako, angalau kwa kiasi. Ndiyo maana namshauri mtu aanze na mwili badala ya kubishana na mawazo yake, maana mabishano hayo huwa hayaishi.

Kuusikiliza mwili ni kufanya nini hasa?

Ni kutambua kilichopo sasa hivi bila kukimbilia kukirekebisha. Jaribu hapo ulipo. Je, meno yako ya juu na ya chini yamegusana? Taya likipumzika, midomo hufunga lakini meno huachana kidogo. Ulimi je, umebana kwenye kaakaa? Mabega yamepanda kuelekea masikioni? Usiyashushe kwa nguvu. Yatambue tu, na mara nyingi yatashuka yenyewe. Endelea hadi tumboni, kwenye viganja, kisha kwenye nyayo na jinsi zinavyogusa sakafu.

Wapo wasiohisi chochote mwanzoni, hasa waliozoea kukaza mwili kutwa nzima. Hao inawasaidia njia ya Edmund Jacobson, daktari wa Marekani aliyeandika kuhusu kulegeza misuli mwaka 1929. Kunja ngumi kwa sekunde 5 hivi, iachie ghafla, halafu kaa na mkono huo kwa muda. Ule uzito na joto linalofuata ndiyo hali ya msuli uliolegea. Ukishaijua kwenye mkono, utaitambua hata kwenye shingo.

Na pumzi? Nivute kwa nguvu?

Hapana, na hapa wengi hukosea. Kuvuta pumzi nyingi haraka haraka hupunguza kabonidioksidi mwilini, ukapata kizunguzungu na ganzi kwenye vidole na midomo, kisha ukaogopa zaidi. Kinachosaidia ni kuirefusha pumzi ya kutoka. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ufuate mapigo. Kwa watu wengi mapigo huongezeka kidogo wakivuta pumzi na kupungua wakiitoa. Anayepunguza mwendo huo ni neva ya vegasi, inayotoka chini ya ubongo hadi kwenye moyo na tumbo. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ukishuka taratibu hadi 6 hivi bila kujibana, utulivu huja kwa urahisi zaidi.

Akili inatangatanga. Nimeshindwa?

Hujashindwa. Kila ukigundua umepotea na kurudi kwenye nyayo au pumzi, hilo ndilo zoezi lenyewe.

Mimi nikifumba macho na kusikiliza moyo, hofu inazidi. Niendelee tu?

Usiendelee. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu watu huambiwa wavumilie, nao huumia. Mwenye historia ya kushikwa na hofu ya ghafla, au aliyepitia jambo la kutisha, anaweza kuona kila pigo la moyo kama hatari. Fumbua macho. Hamishia umakini nje: mgongo unavyoegemea kiti, sauti ya mbali kabisa unayoisikia, rangi za vitu vilivyo mbele yako. Au simama utembee polepole, ukisikia kisigino kinagusa kwanza, kisha vidole. Huko nako ni kuwepo hapa na sasa, wala si njia ya wanyonge. Kama kumbukumbu zinakuvamia, tafuta mtaalamu wa afya ya akili aandamane nawe.

Itachukua muda gani?

Mafunzo ya kupunguza msongo kwa kuwa makini na hali ya sasa, yaliyoanzishwa na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika chuo cha tiba cha Massachusetts, Marekani, kwa kawaida huchukua wiki 8. Hata hivyo, kwa anayeanza, dakika mbili mara kadhaa kwa siku zinafaa kuliko saa moja unayoiahirisha kila jioni. Fanya mazoezi siku ambazo huna wasiwasi pia. Ni vigumu kujifunza ukiwa tayari umepaniki.

Nitajuaje kama ni wasiwasi au ni ugonjwa?

Usijipime mwenyewe. Maumivu au mbano wa kifua, hasa yakienda mkononi, mgongoni au kwenye taya, kukosa pumzi, au kuzimia, ni dalili za kwenda hospitali mara moja, si za kukaa ukahesabu pumzi. Wasiwasi unaokunyima usingizi au kukuzuia kufanya kazi kwa wiki kadhaa nao umfikie daktari. Na yakikujia mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu unayemwamini leo hii, na asikuache peke yako hadi mfike kwa mhudumu wa afya.